Tangi la Mseto la Maji Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaoanza

Maswali haya nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, mara nyingine kwa mtu ambaye tayari ameshika mfuko wa samaki mkononi ilhali tangi lake halijatiwa hata tone la maji. Nimeyapanga kwa utaratibu ambao ningependa yaulizwe: mengi kabla ya kununua samaki, machache baadaye.

Tangi la mseto ni lipi? Na "maji baridi" maana yake hayapashwi moto?

Ni tangi moja lenye samaki wa aina kadhaa wanaoishi pamoja bila kulana wala kung'atana mapezi. Kuhusu jina, Kiswahili kimetutega kidogo: maji baridi ni maji yasiyo ya chumvi, ya mito na maziwa, hata kama ni vuguvugu. Samaki wengi wa matangi haya asili yao ni nchi za joto na hustawi kwenye nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi. Ndiyo maana tangi la maji baridi mara nyingi huwa na hita ndani yake. Usicheke, ndivyo lilivyo.

Tangi dogo si rahisi zaidi kwa anayeanza?

Ni rahisi kubeba tu. Kijiko cha chakula kilichozidi kikioza kwenye lita 15, sumu yake inasambaa kwenye lita 15; kikioza kwenye lita 100, imezimuliwa mara sita na zaidi, nawe unapata siku mbili tatu za kugundua kosa lako. Joto nalo hupanda na kushuka polepole kwenye maji mengi. Kwa anayeanza napendelea lita 80 hadi 120. Lita 54, yaani tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ndiyo ndogo ninayoweza kuipendekeza bila kuumwa na dhamiri. Hesabu ni nyepesi: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000.

Chagua tangi refu la mlalo kuliko lililosimama kama mnara. Hewa huingia majini kupitia uso wa maji, na samaki huogelea kwenda mbele, hawapandi ngazi. Kumbuka pia kwamba lita moja ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 100, ukijumlisha kioo, changarawe na mawe, huvuka kilo 120 bila shida. Meza ya kuwekea runinga haikuundwa kwa kazi hiyo. Weka mahali tambarare, pasipopigwa na jua moja kwa moja, na palipo karibu na soketi.

Bakuli la duara ni pambo. Samaki hakai humo.

Ninunue vifaa gani, na vipi viwe vya kwanza?

Filta ndiyo moyo. Si lazima iwe ya bei ya kutisha: filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa inafanya kazi vizuri sana, haivuti vitoto vya samaki, na haina kitu kingi cha kuharibika. Ukitaka filta ya mota, tafuta inayoweza kuzungusha maji yote ya tangi mara nne au tano kwa saa.

Hita: kadiria wati moja kwa kila lita. Kabla ya kuinunua weka kipimajoto majini na ukisome alfajiri na jioni kwa siku kadhaa. Kama maji yanabaki kati ya nyuzi 24 na 27 yenyewe, huihitaji. Ukiitumia, izime robo saa au zaidi kabla ya kupunguza maji, maana hita yenye moto ikibaki hewani hupasuka. Na nyaya zote ziachie zining'inie chini ya soketi kisha zipande, ili tone linalotambaa kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Zima vyote kabla hujatia mkono majini.

Kisha kuna vitu ambavyo watu huviacha dukani na kuchukua kasri la plastiki badala yake: mfuniko (samaki huruka, hasa usiku wa kwanza), mpira wa kunyonyea maji, dawa ya kuondoa klorini, na ndoo ambayo haijawahi kuona sabuni na haitaiona kamwe. Zaidi ya vyote, vipimo vya maji vya amonia, nitriti, nitrati na pH (kiwango cha uchachu wa maji). Vya matone ni sahihi kuliko vya vijikaratasi. Kama fedha ni za kitu kimoja tu kati ya vipimo na mapambo, mwenzangu, nunua vipimo.

Maji yapo safi, filta inazunguka. Kwa nini naambiwa nisubiri mwezi mzima?

Hapa ndipo penye tangi lenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Samaki hutoa amonia kila anapopumua, kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula na kinyesi huiongeza. Amonia haina rangi, na kwa kiasi kinachoua samaki pua yako haitainusa. Inaunguza matamvua. Mtoni mkondo huiondoa, lakini kwenye kioo haina pa kwenda. Kinachookoa ni bakteria wa aina mbili. Wa kwanza, kama Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, hivyo samaki anakabwa huku maji yamejaa hewa. Ndipo kundi la pili, kama Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa chini ya miligramu 40 kwa lita, na bora zaidi chini ya 20. Hiyo nitrati unaitoa wewe kwa kubadilisha maji, na mimea hula sehemu yake.

Bakteria hawa huja wenyewe, ila huzaana polepole. Kuenea kwao tangini huchukua wiki nne hadi sita. Ukitia samaki kumi siku ya pili, amonia ya samaki kumi inatoka leo, na wafanyakazi wa kuishughulikia watafika mwezi ujao.

Njia ya uungwana ni kuwalisha bakteria kabla samaki hajaja. Washa filta na hita. Tia amonia tupu isiyo na manukato wala sabuni (ukiitikisa chupa isitoe povu) hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Huna? Tia vijichembe vya chakula cha samaki kila siku vioze. Ni polepole na kuna harufu, lakini kunafanya kazi. Pima kila baada ya siku mbili na uandike kwenye daftari. Kwanza utaona amonia imeganda palepale, siku zinapita, unaanza kunilaumu. Halafu siku moja inaanza kushuka na nitriti inapanda. Kisha nitriti inakaa juu muda mrefu kuliko unavyopenda, mpaka asubuhi moja rangi ya kile kipimo inageuka na nitriti haipo. Tangi linapoweza kumaliza miligramu 2 za amonia pamoja na nitriti yake yote ndani ya saa 24, liko tayari. Badilisha maji mengi, hata nusu au zaidi, ili kupunguza nitrati, kisha nenda kanunue samaki.

Kuna njia ya mkato moja ya kweli: kipande cha sponji kutoka kwenye filta ya tangi lililokomaa na lisilo na ugonjwa. Kiweke kwenye filta yako kikiwa bado na maji na huenda ukaokoa wiki kadhaa. Kuazima maji ya zamani hakusaidii sana, kwa sababu bakteria hawa hushika kwenye sponji, mawe na changarawe, si kwenye maji yenyewe.

Nimeshachelewa, samaki wamo tayari. Nifanyeje?

Usiwatoe wala usiongeze wengine. Pima amonia na nitriti kila siku, na chochote kikifika miligramu 0.25 kwa lita, badilisha robo ya maji, kikizidi 0.5, badilisha nusu. Walishe kidogo, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Utakuwa unabeba ndoo kwa wiki kadhaa. Wengi huokoka.

Maji ya bomba yanafaa?

Yanafaa, lakini yanatiwa dawa ili sisi tusiugue, na dawa hiyo haichagui. Klorini huunguza matamvua na kuua bakteria wa filta. Ukiacha maji kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima, klorini hutoka yenyewe. Shida ni kwamba baadhi ya mamlaka za maji hutumia kloramini, na hiyo haitoki kwa kungoja. Dawa ya kuondoa klorini huzishughulikia zote mbili kwa dakika chache, na chupa moja hudumu sana. Kama unajaza tangi moja kwa moja kwa mpira, pima dawa kwa kiasi cha tangi zima, si cha maji mapya pekee.

Maji ya kisima hayana klorini, lakini yapime ugumu (wingi wa madini yaliyomo) na nitrati kwanza. Maji ya mvua na yale yaliyosafishwa hadi kubaki matupu hayana madini. pH yake huyumba kwa kitu kidogo, na samaki anahitaji madini hayo. Ukiyatumia, yachanganye na mengine.

pH yangu ni 7.8 na nimesoma samaki wangu anataka 6.8. Ninunue dawa ya kushusha?

Hapana. Samaki wengi wa dukani wamezaliwa na kukulia kwenye matangi na wanavumilia kati ya 6.5 na 7.8. Kinachowaua ni pH inayopanda Jumatatu na kushuka Jumatano kwa sababu mwenye tangi ana chupa. Maji magumu hurudisha pH mahali pake kila unapoishusha, kwa hiyo unapigana na mawe. Jua maji yako yalivyo, kisha chagua samaki wa maji hayo. Kama ni magumu, gapi, plati na moli watakushukuru. Kama ni laini, tetra na rasbora wako nyumbani.

Basi nianze na samaki gani?

Fikiria tangi kama nyumba ya ghorofa tatu. Kuna wanaopenda juu, wa katikati, na wa chini, na ukiwapanga hivyo tangi huonekana lina uhai kila mahali bila msongamano.

Juu na katikati: danio milia, mwenye mistari ya buluu, mgumu na asiyetulia, anafaa kuwa wa kwanza kuingia. Gapi na plati, wa rangi, wapole, wanaozaa mno (nitarudi kwenye hilo). Rasbora mwenye pembetatu nyeusi ubavuni, ambaye kwa maoni yangu ndiye samaki anayedharauliwa kuliko thamani yake. Cheri babi, tofauti kabisa na ndugu zake wakorofi. Tetra neon kila mtu anamtaka, na sikulaumu, ule mstari wa buluu unawaka hata taa ikiwa hafifu; ila mwache tangi lifikishe miezi miwili mitatu, hapendi maji machanga.

Chini: koridora. Kambare huyu mdogo mwenye ndevu anatafuta chakula kwa kufukua mchanga na kuupulizia nje kwa matamvua, kwa hiyo mpe mchanga laini, si changarawe yenye makali. Mara ya kwanza utashtuka ukimwona anafyatuka kutoka chini hadi juu, anameza hewa, na kurudi chini kama hakuna kilichotokea. Hajaugua. Anaweza kupumua hewa kwa utumbo wake.

Danio, rasbora, tetra na koridora ni samaki wa kundi. Sita ni kiwango cha chini cha kila aina, wanane ni bora. Tetra wawili hawakai kama wapenzi. Wanakaa kama watu wawili waliopotea, wamejificha nyuma ya hita na rangi imepauka. Kosa la kawaida ni kuchukua wawili wa kila aina ili kujaza macho. Chukua aina chache na kundi kubwa.

Kwa lita 100, rasbora wanane, koridora sita na gapi dume watano ni mseto mzuri. Waingize kwa awamu: kundi la kwanza, wiki mbili za kupima, kisha kundi linalofuata, ili bakteria waongezeke kwa kadiri ya mzigo.

Nani nisimnunue hata akinitazama kwa huruma?

Pleko wa kawaida, yule mnyonyaji wa kioo. Anauzwa akiwa na urefu wa kidole na hupita sentimita 30. Ukitaka mnyonyaji, mtafute Ancistrus, anayeishia kama sentimita 12 hadi 15.

Samaki wa dhahabu ni wa maji ya ubaridi zaidi, ana kinyesi kingi, na anakua mkubwa. Oska ni mzuri na mwerevu, ila anafika sentimita 30 na kila kinachotosha mdomoni ni chakula. Samaki malaika hukua na kuwameza tetra neon usiku. Taiga babi hung'ata mapezi marefu. Gapi wenye mikia ya shela hawana maisha mbele yake. Beta dume wawili watauana, huyo ni mmoja kwa tangi, na hata huyo mmoja hutegemea tabia yake. Na wale wa rangi kali wa Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika, wanaopendwa duniani kote, wanataka maji magumu yenye pH ya juu, na wengi wao wanalinda eneo kwa meno. Wanastahili tangi lao wenyewe, siku nyingine.

Kanuni yangu: uliza ukubwa wa mwisho wa samaki, kisha uliza mtu wa pili. Muuzaji si lazima awe mwongo, ila samaki anayeondoka dukani si tatizo lake tena.

Samaki wangapi wanatosha?

Utasikia "sentimita moja ya samaki kwa kila lita moja na nusu au mbili". Kwa samaki wadogo wembamba inasaidia kuanzia. Kwa wakubwa ni upuuzi: samaki wa sentimita 30 si sawa na samaki thelathini wa sentimita moja. Samaki mwenye umbo lilelile akirefuka mara kumi, uzito wake huongezeka mara elfu moja, na kinyesi kinafuata uzito. Hakimu wa kweli ni kipimo cha nitrati. Ikiwa inavuka 40 kabla wiki haijaisha na hulishi kupita kiasi, wamejaa.

Nimefika nao nyumbani. Nawaingizaje?

Zima taa ya tangi. Eleza mfuko juu ya maji dakika 15 hadi 20 joto lilingane, kisha ufungue na uongeze kikombe kidogo cha maji ya tangi kila dakika tano, mara nne au tano. Watoe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage, usiyatie tangini. Usiwalishe siku hiyo.

Niwalishe mara ngapi? Wanaonekana wana njaa muda wote.

Samaki mwenye akili hujua mtu gani ana mkebe, naye atacheza mbele ya kioo hata kama ameshiba hadi koo. Mpe anachomaliza kwa dakika moja au mbili, mara moja au mbili kwa siku, na siku moja kwa wiki usimpe kitu. Chakula kilichofika chini bila kuguswa ni amonia ya kesho.

Koridora si wafagiaji wa makombo. Wape vidonge vinavyozama, baada ya kuzima taa, wale bila kugombana na wa juu. Ukisafiri siku nne au tano, samaki wazima wenye afya watavumilia bila chakula. Hatari ni jirani mwema: akiachiwa mkebe mzima, atawalisha kwa upendo mpaka wafe. Mfungashie posho ya kila siku kwenye vijikaratasi na mkebe uufiche.

Tangi lisafishwe mara ngapi?

Tangi langu la kwanza nililiua kwa usafi. Lilikuwa na miezi minne, samaki wazima wote. Jumamosi moja niliwahamishia kwenye beseni, nikamwaga maji yote, nikasugua mawe, na ile sponji ya filta, iliyokuwa ya kahawia na yenye utelezi, nikaikamua chini ya bomba kwa sabuni mpaka ikarudi njano ya dukani. Nilijisifu. Jumanne asubuhi plati watatu walikuwa wamesimama juu, midomo nje ya maji, matamvua yamewiva mekundu. Ile kahawia niliyoiona uchafu ndiyo ilikuwa bakteria wote wa miezi minne.

Sasa nafanya hivi, na huchukua nusu saa kwa wiki: nazima umeme, navuta robo ya maji kwa mpira huku nikiupitisha kwenye mchanga au changarawe ili uondoke na kinyesi, najaza maji yaliyotiwa dawa ya klorini na yenye joto linalokaribiana. Samaki hawatoki tangini. Sponji naikamua mara moja kwa mwezi, ndani ya ndoo ya yale maji ya tangi niliyoyatoa, mpaka ipitishe maji vizuri. Ikibaki na rangi yake ya kahawia, ni vyema.

Kujazia maji yaliyopungua kwa kukauka si kubadilisha maji. Maji huondoka kama mvuke. Nitrati na madini hubaki.

Maji yamekuwa kama maziwa. Au ya kijani. Au kila kitu kina vumbi la kahawia.

Ya maziwa kwenye tangi jipya ni bakteria wa aina nyingine wanaoelea na kusherehekea. Punguza chakula, ngoja siku chache. Vumbi la kahawia ni mwani wa tangi changa, hufutika kwa kidole na mara nyingi huisha wenyewe baada ya miezi michache. Kijani ni mwanga uliozidi na lishe iliyozidi: taa saa 6 hadi 8 kwa siku, jua lizuiwe, maji yabadilishwe. Konokono wakijaa, nao wanakuambia jambo lilelile kuhusu mkono wako unapolisha.

Samaki wote wako juu wanahema.

Acha kusoma, badilisha theluthi ya maji sasa hivi kwa maji yaliyotiwa dawa, ongeza mapovu, kisha urudi.

Sasa pima amonia na nitriti. Moja ikisoma juu ya sifuri, sababu umeipata. Zote zikiwa sifuri, angalia joto: maji ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 takriban 7.5, na wakati huohuo samaki anayepata joto anataka hewa zaidi. Kama ilitokea mara tu baada ya kubadilisha maji, umesahau dawa ya klorini. Imeshanitokea, simu ililia katikati ya kazi.

Kuna vidoa vyeupe kama chembe za chumvi mwilini.

Ni ugonjwa wa madoa meupe, unaosababishwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kila chembe ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, na humo dawa haikipati. Hukomaa, hudondoka, hujigawa chini ya tangi kuwa mamia ya vitoto vinavyoogelea kutafuta samaki, na ni hapo tu, vikiwa vinaogelea, dawa huviua. Kwa hiyo madoa kutoweka siku ya tatu si kupona. Endelea muda wote ulioandikwa kwenye chupa. Pandisha joto taratibu hadi nyuzi 28 au hata 30 ili mzunguko wake uende mbio, na uongeze mapovu. Toa mkaa kwenye filta, maana unanyonya dawa. Na kama una uduvi au konokono, soma kibandiko: dawa zenye shaba huwaua.

Kinga yake ni tangi la pembeni, hata la lita 20 lenye sponji tu, ambamo kila mgeni anakaa wiki mbili hadi nne kabla ya kuungana na wenzake. Najua hutafanya hivyo mara ya kwanza. Sikufanya pia.

Mimea ya kweli ni kazi kubwa?

Kuna isiyotaka karibu chochote. Anubia na kangaga la Java hufungwa kwa uzi kwenye jiwe au kigogo. Usilifukie shina lao linalotambaa, litaoza. Valisneria huota kama nyasi ndefu, na kriptokorine huangusha majani yote wiki za kwanza, mtu akadhani imekufa akaing'oa. Iache, itachipua. Mimea hula amonia na nitrati na huwapa samaki waoga pa kujificha. Plastiki inakubalika pia, mradi isiwe na ncha: ipitishe kwenye soksi nyembamba, ikinasa, itachana na mkia.

Umeme ukikatika?

Saa mbili tatu si kitu. Zikizidi, adui wa kwanza ni hewa, si joto. Chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu, mara kadhaa kila robo saa, au uwe na pampu ndogo ya betri. Usilishe. Kukiwa na baridi, funika tangi kwa blanketi. Filta iliyofungwa ndani ya kopo ikikaa saa nyingi bila kuzunguka, bakteria wake hukosa oksijeni na kuanza kufa. Isuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha, usije ukamwagia samaki ule uozo.

Gapi wangu mmoja alikuwa peke yake na amezaa. Inawezekanaje?

Jike la gapi huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, na huzaa vitoto hai takriban kila wiki nne, makumi kwa mara moja. Ulimnunua akiwa mjamzito. Wakubwa watakula baadhi ya watoto, mama yao akiwa wa kwanza, na wanaojificha kwenye kuvumwani watapona. Usipotaka biashara hiyo, weka madume peke yao: dume ana pezi la chini lililochongoka kama kijiti, jike lake limefunguka kama kipepeo.

Nimezidiwa, au samaki amekua mno. Nimwachie mtoni?

La, wala bwawani, wala mtaroni. Gapi na samaki wa dhahabu walioachiwa wameota mizizi katika mito na mabwawa ya nchi nyingi na kuwabana wenyeji, na magonjwa ya dukani huenda nao. Mrudishe dukani au mpe mfugaji mwingine, hata bure. Mimea na konokono usiotaka vikaushe kabisa kabla ya kutupa.

Maji ya zamani, kama hayana dawa wala chumvi, usiyamwage chooni. Ile nitrati uliyokuwa ukiihangaikia ndiyo mbolea yenyewe, na mimea ya chungu inayoyapata kila wiki utaiona ilivyo.